Mama Anaumwa, Rudi Kesho

Juma lililopita nilikwenda soko la Jebel, hapa Juba, kununua mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwa kokwa za mti wa porini. Mama muuzaji alifungua kizibo cha chupa ya soda, akanidondoshea tone kiganjani ili nihakikishe hajayachanganya na mafuta ya kupikia, nami nikanusa. Wanaoyajua mafuta haya wanajua hayana aibu hata kidogo: yananuka karanga zilizoungua, moshi, na ngozi ya mtu aliyeshinda juani. Nikajikuta nimekaa juu ya gunia la mtama la mtu nisiyemjua, machozi yananitoka, na yule mama ananipepea kwa kipande cha boksi. "Malesh, binti yangu, malesh," alinipa pole, akidhani nina homa. Sikumweleza kwamba baba yangu amefariki miezi miwili iliyopita na kwamba harufu ile ni yake.

Si kwamba alijipaka mwenyewe. Alimpaka mama. Kila jioni ya utoto wangu, nyumbani kwetu Munuki, baba aliweka kikombe cha bati juu ya makaa, akayapasha moto mafuta ya lulu, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama na kuukanda mkono wake wa kulia kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole. Hawakuzungumza sana wakati huo. Mimi nilikaa mlangoni na kuwatazama, na moyo wangu ulikuwa unakufa kwa hofu, kwa sababu nilijua mafuta yale yalikuwa dawa na mama alikuwa mgonjwa asiyepona.

Niseme mapema ili nisiwazungushe: mama hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaandika kitabu. Lakini mtoto wa darasa la tatu hujua kile anachoonyeshwa, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa mgonjwa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alivuka mpaka kutoka Arua, Uganda, cherehani yake ya miguu ikiwa imefungwa juu ya lori la ndizi, akaanza kazi kando ya barabara karibu na kijiwe cha boda boda. Mama ni mwenyeji wa hapa kwa damu, ila alikulia Kenya, na wazazi wake waliporudi naye alirudi na Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Walijuana kwa sababu ya gauni. Mama alimpelekea lipunguzwe kiuno, akarudishiwa lina mfuko ambao hakuuomba. Alipouliza, baba alimjibu, "Mtu ya kutembea na kalamu kwa nywele, lazima iko na mfuko." Mama alisema gauni lile alilivaa mpaka likachanika, na mfuko ndio uliobaki mzima.

Kiswahili cha baba kilikuwa kile cha Waganda wa sokoni, kila kitu "iko", watu na mbuzi kwa pamoja. Mama, ambaye angeweza kukosa hamu ya kula kwa sababu ya neno moja lililokaa vibaya, hakumsahihisha hata siku moja. Mimi ndiye niliyemsahihisha, kwa ufidhuli wangu wote, naye alicheka na kuniita Mwalimu.

Sasa, wenzangu mliokulia Juba mnamjua mgeni wa kwetu. Haulizi kama una nafasi. Anaingia, anapewa bambar, kile kigoda kifupi cha kusukwa kwa kamba, anapewa maji, anapewa chai, halafu anaanza kusimulia habari za ukoo wake mpaka jua linazama nyuma ya Jebel Kujur. Mwenye nyumba akithubutu kusema ana kazi, heri angemtukana mgeni mama yake. Na mama yangu alipendwa. Alikuwa na maneno mazuri, aliwaandikia watu barua zao, alijua kusikiliza. Saa nane mchana ua wetu ulikuwa umejaa.

Mwaka ule mchapishaji mmoja wa Nairobi alikuwa amesoma sura tatu za mama, akaomba kitabu kizima kabla mwaka mpya wa shule haujaanza. Kikichelewa kingengoja tena mwaka mzima. Mama alishachelewa mara mbili, na mara ya pili, baba aliniambia nilipokuwa mkubwa, alimkuta amechutama mbele ya jiko la makaa na daftari zake zote mapajani, anatafuta kiberiti. Baba alimnyang'anya kiberiti. Kesho yake akaihamisha cherehani kutoka barabarani, akawaacha wateja wake wa miaka mingi, akaja kuiweka nyumbani chini ya rakuba yetu, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, pale pale langoni, ambapo hata kuku hakuweza kupita bila yeye kumwona. Mimi nilidhani anafuata kivuli.

Mgeni alipotokea baba alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashusha sauti. "Mama Keji iko gonjwa kidogo. Kichwa. Kwanza kunywa chai, ndugu yangu, halafu rudi kesho." Kesho ilikuwa mgongo. Keshokutwa jino. Wiki iliyofuata ilikuwa ile homa inayopanda mchana na kushuka jioni, ambayo kila mtu wa Juba anaijua na kuiheshimu. Chai aliipika mwenyewe, na alikaa na mgeni mpaka aimalize, akimpima mabega kwa utepe hata kama hakuja kushona. Watu waliondoka wamefarijika, wakimwonea huruma.

Mimi sikuambiwa ukweli kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa mtoto wa kutangaza. Ukinipa siri asubuhi, mchana inauzwa sokoni pamoja na nyanya. Kwa hiyo niliachwa nijionee, na nilijionea mengi. Niliuona mlango wa chumba cha nyuma unafungwa baada ya chakula cha mchana na kufunguliwa jua likiwa limepoa. Nilimsikia mama anaongea peke yake humo ndani, mara anacheka, mara anaguna kama aliyekanyaga mwiba. Alitoka macho mekundu. Nilimwona baba akimpelekea yai la kuchemsha na uji mlangoni, na mahali petu mwanamume hampelekei mwanamke chakula mlangoni mpaka mwanamke huyo ashindwe kusimama. Mwisho baba alishika hata sufuria. Akawa yeye ndiye anayekwenda sokoni kununua majani ya kudra, aina ya mlenda, anayakatakata na kupika mulah, mchuzi wetu wa kuvutika, huku utepe wa kupimia unaning'inia shingoni.

Wasichana wenzangu pale kwenye tangi la maji hawakuniacha. Viola wa nyumba ya tatu aliniuliza mbele ya wote, "Baba yako ndiye mama yako siku hizi?" Nikamwambia mama yangu anaumwa, na kwamba baba yake yeye angewaacha wafe njaa kuliko kushika mwiko. Viola akainamia ndoo yake. Nilirudi na ndoo kichwani nikijiona mshindi, kisha nikafika nyumbani, nikauona mlango umefungwa, nikakumbuka nilichokuwa nimejivunia.

Siku moja baba alitoka katika chumba kile analia. Hakuniona. Alisimama nyuma ya nyumba, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare ya shule, akavuta pumzi, akarudi kwenye cherehani. Leo najua mama alikuwa amemsomea sura. Ndivyo walivyofanya: kila ukurasa uliomalizika aliusoma kwa sauti, na baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Kurasa mama alizozikataa hazikutupwa. Baba alizigundisha kwa uji wa ngano, akazifanya karatasi za kukatia nguo, na nusu ya wanawake wa Munuki wakavaa mikono na shingo zilizokatwa kwa sentensi ambazo mama hakuzipenda. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba baba yangu, ambaye sindano iliwahi kumpita kidoleni akaguna na kuendelea kushona, alikuwa amejificha nyuma ya nyumba analia.

Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu wetu aliandika ubaoni: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akatueleza maana yake. Nilihisi ananitazama mimi.

Jumapili tulikwenda kanisani mimi na baba. Mama alibaki, kama kawaida ya miezi ile. Katika ibada yetu kulikuwa na wakati wa mahitaji, mtu anasimama na kusema kinachomsumbua, kisha wote wanamwombea. Watu wakubwa walisimama kwa ajili ya safari, kesi za viwanja, wana waliopotea mijini. Mchungaji alipouliza kama kuna mwingine, nikajikuta nimesimama.

"Naitwa Keji, binti wa Fundi. Mama yangu anakufa. Baba anamficha ndani na analia peke yake. Mwalimu amesema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Naomba mumwombee mama yangu."

Upande wa wanawake uliitikia kwa sauti moja, "Yesu!" Mchungaji alimwita baba mbele. Baba alikuja taratibu, ukosi wake umelowa jasho, akanishika mkono. Maombi yalikuwa marefu, ya kulia na kukanyaga sakafu, na Mama Sande, mkuu wa akina mama wa kanisa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alilia mpaka kilemba kikamtoka. Walipomaliza wote walisema amina. Baba hakusema. Niligundua hilo kwa sababu nilikuwa nimeshika mkono wake na kumtazama mdomo.

Nje Mama Sande alimfuata. "Ya Fundi, saa tisa tunakuja."

"Mama yangu, leo hapana. Iko amelala."

"Mgonjwa hapigiwi hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Au huko kwenu Arua hamkufundishwa?"

Njiani baba hakunigombeza. Tulipofika nilitaka kukimbilia mlango wa mama kumpa habari njema kwamba kanisa zima linakuja kumponya, akanizuia begani. "Usigonge, Keji. Leo yeye iko mahali ngumu. Wacha." Angeweza kumwonya. Angeweza kumwambia ajilaze kitandani na ajifunike shuka, mambo yangeisha. Lakini hakutaka kumkata katikati ya ukurasa. Alikaa kwenye cherehani akakanyaga pedali, sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Nilisimama pembeni nikimtazama anashona hewa, na kwa mara ya kwanza nikahisi nimefanya jambo baya bila kujua ni lipi.

Walikuja kumi na wawili, ngoma mbele, magauni meupe na vilemba vya buluu, mengi ya magauni hayo yameshonwa na baba mwenyewe. Walibeba sukari, sabuni, kuni, na kuku amefungwa miguu. Mama Sande alibeba mkeka, maana yake alikuja kulala. Baba alisimama langoni, akafungua mdomo kusema maneno yake ya siku zote, akaufunga. Kwa miezi mitatu ugonjwa ulikuwa umewarudisha wageni, na leo ugonjwa ndio uliowaleta.

Ngoma iliponguruma ndani ya ua, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama alitoka mbio, kalamu kwenye nywele, wino shavuni, amenawiri kwa mayai ya kuchemsha. "Baba Keji, kuna nini? Kwani nani amekufa?"

Ngoma ilikatika. Wanawake wakamtazama kuanzia unyayo hadi utosi. Kisha bibi mmoja wa nyuma, haoni vizuri, akapaza sauti, "Amesimama! Mungu ametenda, amesimama!" Hapo vigelegele vilipasua ua. Ngoma ikarudi kwa nguvu, mtu akamwangusha kuku, kamba ikafunguka na kuku akakimbilia chini ya cherehani. Mama alikumbatiwa na kugeuzwageuzwa kama mchumba, hajui anasherehekea nini. Mimi nilikuwa naruka na kulia, kwa sababu nilikuwa nimeomba na nimepewa.

Baba alitakiwa kusema amina moja tu. Uongo wake wote ungezikwa pale pale chini ya muujiza, kwa heshima na ngoma, na mimi ningekua nikiamini. Nimefikiri mara nyingi kwa nini hakusema. Alikuwa mwongo hodari kwa miezi mitatu. Aliinua mkono, utepe shingoni.

"Mama zangu, ngojeni. Musishukuru Mungu kwa uongo yangu."

Ngoma ilikatika mara ya pili.

"Sema tena," Mama Sande alisema.

"Mama Keji hakuwa gonjwa. Hata siku moja. Iko anaandika kitabu. Mimi nilidanganya nyinyi, na yeye hakujua mimi naambia watu nini. Hata huyu mtoto nilidanganya. Yeye hana kosa. Kosa iko yangu."

Mama alimgeukia. "Uliwaambia naumwa?" Kisha polepole, "Ndiyo maana waliacha kuja?" Mwanamke huyu, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa amekaa miezi mitatu katika chumba kile akidhani watu wamemchoka, na hakumwambia mumewe ili asimhuzunishe.

"Ningesema nini?" baba alisema, akimtazama yeye, si sisi. "Nikisema unaandika, watasema, ataandika kesho. Kila mtu anaambia kitabu ingoje. Lakini gonjwa, hakuna mtu anaambia gonjwa ingoje."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama baba yangu, mtu wa kupika mulah, amesimama mbele ya wanawake kumi na wawili na aibu yake yote mikononi, nikaona haya kwa ajili yake mpaka masikio yakaniwaka. Nilimwaza Viola. Niliwaza jinsi nilivyomwambia mama yangu anaumwa, na kwamba sasa sina la kumwambia.

Mama Sande alitandika mkeka wake katikati ya ua, akakaa. "Njia ya mwongo ni fupi, Fundi. Yako imefika. Mimi nimelia mbele ya watu mpaka kilemba kimeanguka." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Yala, haya, Mama Keji. Lete huo ugonjwa tuuone."

Mama alisimama tu. Hakuwa amemsomea mtu yeyote isipokuwa baba. Baba ndiye aliyeingia ndani akaleta daftari, akamfungulia ukurasa, akarudi kwenye cherehani. Mama akaanza kusoma, mwanzoni kwa sauti ndogo ya mtoto anayesomeshwa kwa nguvu. Ilikuwa habari ya mjane anayevuka mto mkubwa kurudi kwao, ana barua asiyoweza kuisoma, hajui inamwita nyumbani au inamfukuza. Alifika mahali mjane anatia mkono mfukoni kuhakikisha barua haijalowa.

"Simama," Mama Sande alisema. "Mfuko gani? Gauni ya kitenge haina mfuko."

Baba alijibu kutoka kwenye cherehani bila kuinua kichwa. "Hiyo iko nayo. Hiyo gauni nimeshona mimi."

Kicheko kilianzia kwa yule bibi asiyeona vizuri, kikaenea, hata Mama Sande bega likamcheza ingawa uso aliukaza. Baada ya hapo mama alisoma kwa sauti yake halisi. Sikuelewa kila kitu. Nilielewa kwamba wanawake wale, ambao kila mmoja alikuwa amevuka mto fulani na furushi kichwani, walikuwa wameacha kukaa kama wageni. Mmoja alimchinja kuku bila kuambiwa na kumnyonyoa akiwa anasikiliza. Mwingine alilia kimya. Baba alikoroga chai, akagawa vikombe akipita nyuma yao kwa vidole vya miguu.

Mama alifunga daftari. Mama Sande akapenga kamasi kwenye pindo la kilemba. "Huyu mwanamke. Anafika?"

"Sijui bado, mama. Zimebaki kama kurasa thelathini."

"Hujui!" Mama Sande alisimama mzima mzima. "Mtu yuko katikati ya mto, usiku unaingia, na wewe umekaa hapa kunywa chai na sisi? Ingia ndani!"

Mama akaingia ndani.

Zamu za kumtunza mgonjwa zilikuwa zimeshapangwa kanisani, na Mama Sande alisema zamu za akina mama hazivunjwi kwa sababu mgonjwa ni mzima. Kwa wiki tano kila siku mwanamke mmoja alikuja na chungu, akapika, akaulizia mjane amefika wapi, akaondoka. Baba alitozwa faini: sare mpya kwa akina mama wote wa kanisa, kila moja na mfuko, na visingizio vya kichwa na mgongo havitasikilizwa. Alizishona zote. Pamoja na hayo Mama Sande alimnunia muda mrefu. Alimsalimia kwa kukagua pindo za nguo alizoshona tu, akitafuta uzi uliolegea.

Jioni ya Jumapili ile nilijificha nyuma ya pipa la maji nikingoja fimbo. Nilisikia kikombe cha bati kinawekwa kwenye makaa, harufu ikanifikia, na baba akaniita, "Mwalimu, njoo." Nilikwenda. Mama alikuwa amenyoosha mkono.

"Kama haumwi," nilisema, kwa ile hasira ya mtoto aliyeogopa sana, "hii ni dawa ya nini?"

"Ya mkono. Kuandika inauma kama kulima." Baba alinikalisha kwenye kigoda chake, akanitia mafuta viganjani, akauweka mkono wa mama juu ya wangu. "Anza hapa kwa kidole gumba. Pole pole. Usikande kama unga."

Mkono ulikuwa wa moto na mgumu, na kidole cha kati kilikuwa na sugu nyeusi ya wino. Mama aliniuliza kwa nini sikumuuliza yeye mwenyewe. Nikamwambia niliogopa akijua anaumwa atakufa. Alianza kucheka, kisha hakucheka. Baba alichutama mpaka uso wake ukalingana na wangu. "Mimi nililinda mlango," alisema, "na wewe nikakuacha nje na woga peke yako. Unisamehe, Keji." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba msamaha kabla ya hapo. Nilikanda mkono wa mama kwa bidii nisije nikamtazama.

Kitabu kiliwahi. Mjane alifika, kama mnavyojua mliokisoma shuleni. Vikafuata vingine, na jina la mama likawa jina ambalo watu hulitaja kwanza halafu ndipo wananitambulisha mimi. Katika kila kitabu chake kuna mwanamke mwenye mfuko, na watu wenye elimu wameandika mambo marefu kuhusu maana ya mfuko ule. Baba hakuyasoma. Alichouliza siku zote ni kama mfuko una kina cha kutosha. Kwenye hafla alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na mlango. Mtangazaji akimwita "mume wa mwandishi", yeye alisema, "Mimi iko fundi," na ilimtosha. Mimi nilikasirika kwa niaba yake miaka mingi. Nilitaka watu wajue. Sasa najua alikuwa na furaha, na kwamba hasira ilikuwa yangu peke yangu.

Tangu tumzike, mama hajaandika neno. Anaingia katika chumba kile baada ya chakula cha mchana kama zamani, anafunga mlango, anakaa mbele ya daftari jeupe. Mara ya kwanza nilipomchungulia alikuwa amegeuza kiti kuelekea mahali baba alipokuwa akikaa kusikiliza. Hali chakula vizuri. Halii. Yai la kuchemsha ninalompelekea nalikuta jioni limepoa kwenye sahani.

Na wageni wanakuja. Wanakuja wa msiba, wa magazeti, walimu na wanafunzi wao, na kila mmoja ana upendo wake na maswali yake. Nimerudi Munuki, nakaa chini ya rakuba kando ya cherehani. Siwezi kuwaambia anaumwa. Nikisema hivyo wataingia, na ngoma na sukari na kuku, na hana nguvu za kupendwa na watu wengi kiasi hicho kwa sasa. Kwa hiyo nawashika mkono kwa mikono yangu miwili, nashusha sauti. "Anaandika," nawaambia. "Kunyweni chai kwanza, halafu rudini kesho." Wanakunywa chai. Wanatoka langoni kwa vidole vya miguu, na wengine wanaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wenzao.

Mama Sande alikuja majuzi na mkongojo wake. Nikamwambia vilevile. Alinitazama kwa muda, akautazama mlango, akanitazama tena. "Njia ya mwongo, Keji," alisema taratibu, hakumalizia. Aliweka pakiti ya sukari juu ya cherehani akaondoka.

Jana jioni nilipasha mafuta niliyonunua Jebel kwenye kikombe kile kile cha bati. Nilipoingia mama alinusa, akafumba macho kwa muda mrefu. Nikakaa kwenye kigoda.

"Leo umewaambia nini?" aliuliza.

"Kwamba unaandika."

"Iko anaandika," mama alisema, na tabasamu dogo likampita usoni likaenda zake. Akaninyooshea mkono wake wa kulia. Ulikuwa safi, hauna hata tone la wino. Nikaanza kwa kidole gumba, pole pole, nikaukanda mpaka ncha za vidole kama mkono uliotoka kazini.